UZI: Eksirei imeandikwa "vivuli pande zote mbili", makohozi hayana TB. CT-Scan ya mapafu inaona nini zaidi? (Wa Chunya, Mbeya, Iringa na Njombe pitieni)

#1 Mionzi_Uyole

Wakuu, habari za humu. Kazi yangu ni kupiga picha za mionzi hapa Mbeya, kituo sitakitaja. Uzi huu nauanzisha kwa sababu ya fomu ninazoletewa. Mgonjwa katoka Makongolosi, Ileje au Makete na bahasha yake ya eksirei kwapani, anakohoa muda mrefu, ngazi tatu tu anatweta. Fomu yake imeandikwa "CT ya kifua", basi. Kikohozi kina muda gani, kimya. Anafanya kazi gani, kimya. Amewahi kutumia dawa za TB, kimya. Wengine wameandikiwa kabisa wachomwe dawa ya kung'arisha mishipa, wakati swali la daktari ni makovu ya mapafu, na swali hilo kwa kawaida halihitaji dawa hiyo.

Kuna CT-Scan ya kifua ya kawaida, halafu kuna ile tunayoiita HRCT, mahsusi kwa magonjwa yaliyosambaa kwenye mapafu yote. Mashine ni ileile. Kinachotofautiana ni namna ya kupiga na namna kompyuta inavyoitengeneza picha. Kwenye eksirei, mbavu, moyo, mishipa na mapafu yote mawili vinalaliana kwenye picha moja bapa. CT inakata vipande. Picha ya kawaida mara nyingi husomwa kwa vipande vya milimita 5, na kwa unene huo kitu cha milimita 2 kinamezwa na jirani zake. HRCT inataka vipande visivyozidi milimita 1.5, na kompyuta inaambiwa inoe kingo za kila kitu hata kama picha itakuwa na chengachenga kidogo.

Kwa nini tuhangaike na milimita? Kwa sababu pafu limegawanyika kwenye vijisehemu vidogo vinavyoitwa lobuli, kila kimoja kina upana wa sentimita 1 mpaka 2.5. Katikati ya lobuli inapita njia ndogo ya hewa pamoja na ateri yake. Kwenye kuta zake kuna vena na mirija ya limfu. Ukilijua hilo umeshajua nusu ya usomaji wa HRCT. Kinachoingia kwa kuvutwa na hewa hupenda kukaa katikati ya lobuli. Kinachosafiri kwa limfu kinajipanga ukutani na kwenye utando wa pafu. Kilichomwagwa na damu hakichagui, kinatapakaa popote. Vidoa ni vilevile kwenye eksirei, lakini hapa mahali vilipokaa ndipo panapomtaja mhusika.

Mwenye swali aulize, nitajibu la upande wangu. Kusoma picha na kutoa ripoti ni kazi ya daktari bingwa wa radiolojia, mimi ni mpigaji.

#2 Tunduma_Boda

Mkuu, uzi mzuri, ila niseme ukweli wangu. Hivi si biashara ya hospitali tu? Zamani wazee walipigwa eksirei wakapewa dawa wakapona. Siku hizi mtu akikohoa kidogo, CT-Scan. Na hiyo mionzi je?

#3 Mionzi_Uyole

@Tunduma_Boda hoja yako ina uzito, siikatai. Eksirei ya kifua moja ni kama milisivati 0.1 kwenda chini (milisivati ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini). CT ya kifua ya kawaida ni milisivati 5 mpaka 7 hivi, na ikipangwa vizuri inashuka chini ya hapo. Mionzi ya asili tunayoipata sote duniani kwa mwaka ni wastani wa 2.4. Kwa hiyo si kitu cha kupiga kila baada ya miezi mitatu "kuangalia maendeleo", na kwa mtoto au mjamzito ni mpaka kuwe na sababu nzito.

Ila hao wazee waliopewa dawa wakapona, walipona kwa sababu walikuwa na TB au nimonia. Waliokuwa na kitu kingine hawapo hapa kutusimulia.

#4 Dokta_Kijiweni

Nichangie kama daktari. Kuna watu wengi hawahitaji HRCT kabisa. Makohozi yakitoa TB kwenye GeneXpert, ile mashine ya kupima TB, anza dawa, hakuna haja ya CT. Pumu ya wazi inayotulia na dawa ya kuvuta, vilevile. Na kabla ya kumtuma mtu mzima anayetweta kwenda CT, mpime presha, usikilize moyo wake, ikibidi apigwe eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Moyo ukishindwa kusukuma, maji yanajaa kwenye kuta za lobuli na kwenye eksirei unapata "vivuli pande zote" vinavyodanganya vizuri sana. Huyo anahitaji dawa za moyo na za kukojoa.

HRCT ni ya yule ambaye eksirei na dalili zake havikubaliani. Anatweta kweli, oksijeni inashuka akitembea, ukimsikiliza mgongoni chini unasikia mlio kama wa kubandua mkanda wa viatu unaonata (velkro), lakini eksirei imeandikwa "kawaida". Eksirei inaweza kuwa safi kabisa na mapafu yana ugonjwa. Au yule ambaye makohozi yamepimwa mara kwa mara hayana kitu, akaanzishiwa dawa za TB kwa kubahatisha, akazimaliza, bado yuko palepale. Hawa tunao wengi kanda hii.

#5 Itumbi_Duarani

Mimi ni mchimbaji, Chunya huku. Nimekaa kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, miaka mingi, na kuchoronga kavu nimechoronga. Wenzangu kadhaa wameambiwa TB, wakanywa dawa, wengine wakarudia. Mmoja kapigwa hiyo CT, karatasi inasema silikosisi. Sasa tunajiuliza, ile TB ilikuwa uongo? Na hiyo silikosisi ina dawa?

#6 Dokta_Kijiweni

@Itumbi_Duarani swali lako ndilo lililonifanya nifungue uzi huu mara ya pili, kwa hiyo nitajibu kwa urefu.

Mawe yenye dhahabu yamejaa silika. Yakisagwa makavu yanatoa vumbi jepesi mno, ambalo hulioni kwa jicho, na ndilo linalofika mwisho kabisa wa pafu. Askari wa mwili wanalimeza, wanakufa, wanaacha kovu dogo la mviringo, na makovu hayo ndiyo silikosisi. Kwa vumbi la kawaida la kazini hilo huchukua miaka 10 au zaidi. Kwa vumbi zito la karasha lisilo na maji inaweza kuwa miaka 5 mpaka 10. Ukiacha kazi leo, kovu linaweza kuendelea kukua.

Kwenye HRCT vidoa vya silikosisi vinapenda sehemu ya juu na ya nyuma ya mapafu, na vinakaa kwa mpangilio wa limfu. Baadaye vinaungana kuwa mabonge makubwa, na tezi za katikati ya kifua zinaweza kuota chokaa pembeni kama ganda la yai. TB iliyosambaa kwa damu ni tofauti. Vidoa vyake ni vidogo, vinalingana, vimemwagika juu mpaka chini bila kuchagua, na mgonjwa mara nyingi ana homa, anakonda, anatoka jasho usiku. TB inayosambaa kupitia njia za hewa ina sura nyingine tena: vidoa katikati ya lobuli vikiwa vimeshikana na vijitawi, wenyewe wanaita mti unaochipua. Kwenye eksirei ya filamu iliyofifia, zote tatu utaandikiwa neno moja.

Sasa usije ukaenda kuwaambia wenzako kwamba TB yao ilikuwa uongo. Silikosisi inamfungulia TB mlango. Mwenye silikosisi ana hatari ya TB kubwa kuliko mtu wa kawaida mara kadhaa, na akiwa na VVU juu yake hatari inapanda zaidi. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hata CT ikisema silikosisi, makohozi lazima yapimwe. Siku ile kovu linapoanza kubadilika haraka au linapata shimo katikati, makohozi tena.

Dawa ya kuliondoa kovu haipo. Kinachofanyika ni kutoka kwenye vumbi, kutibu TB ikitokea, kupima nguvu ya mapafu kwa ile mashine ya kupuliza, na kumpa oksijeni atakayeihitaji. Kwenye duara (shimo la kuchimbia) na karasha kinga ni maji. Mwaga maji wakati wa kuchoronga na kusaga. Kitambaa cha kanga puani hakizuii vumbi la silika.

#7 Itumbi_Duarani

Maji yenyewe Itumbi kiangazi tunanunua kwa dumu dokta. Lakini nimekusoma.

#8 Chai_Rungwe

Hapo kwenye dhahabu mmenikumbusha wazee wa kwetu Rungwe na Kyela waliokwenda na Wenela, shirika lililoandikisha watu kwa migodi ya Afrika Kusini, kabla uandikishaji huo haujasitishwa baada ya uhuru. Wengi walirudi na baiskeli, mablanketi na kikohozi. Kijijini walisema amerogwa na aliowazidi kipato. Leo nikisoma hapo juu namwelewa babu.

Na sisi wa makaa ya mawe je? Kiwira watu wamechimba miaka.

#9 Mionzi_Uyole

@Chai_Rungwe vumbi la makaa ya mawe nalo lina ugonjwa wake, na kwenye picha linafanana sana na silikosisi: vidoa juu, baadaye mabonge. Ndiyo maana nalalamikia fomu. Msomaji wa picha ambaye hajaambiwa mtu huyu alichimba nini anabaki na orodha ya magonjwa matano. Ukimwandikia "mchimbaji, makaa, miaka 12", orodha inakatika hapohapo.

Kwa aliyeajiriwa rasmi mgodini kuna faida nyingine. Ugonjwa wa kazini unaangukia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi 2015 chini ya sheria ya 2008. Ukitaka kudai unahitaji ushahidi wa kitabibu. Usitupe picha wala ripoti. Mchimbaji mdogo asiye na mkataba hapo kazi ni ngumu, tusidanganyane.

#10 Binti_Kalenga

Kamwene wakuu. Mimi niko Iringa. Mama yangu ana umri wa miaka 58, hajawahi kuona mgodi wala sigara. Anakohoa kikavu, anapungua pumzi polepole. TB hana, wamepima. Anapikia kuni tangu utoto. Tumeandikiwa HRCT. Je, Iringa inapatikana au mpaka Mbeya? Na ajiandae vipi?

#11 Mionzi_Uyole

Kamwene dada. Zile fedha za UVIKO za shilingi trilioni 1.3 za mwaka 2021 zilipeleka CT-Scan kwenye hospitali za rufaa za mikoa, kwa hiyo anza hapohapo Iringa. Uliza mambo mawili kabla ya kulipa: mashine inafanya kazi wiki hii, na ripoti inasomwa na nani, baada ya siku ngapi. Mwenye bima apite dirisha la bima kwanza.

Maandalizi ni mepesi. Avue cheni, sidiria yenye chuma, na pini za nywele ndefu zinazoshuka shingoni. Kufunga kula si lazima kama hachomwi dawa. Kazi kubwa ni pumzi. Ataambiwa avute hewa mpaka mwisho na aishikilie sekunde kadhaa. Afanye mazoezi nyumbani, ameze maji kikohozi kitulie kabla ya kuingia. Mtu akivuta nusu pumzi, sehemu ya chini ya mapafu inajikunja na kutoa ukungu wa uongo unaofanana na ugonjwa wenyewe. Akikohoa katikati, picha inatikisika na mishipa inaonekana miwili miwili.

Halafu kuna picha mbili za nyongeza ambazo daktari akizihitaji aziandike kwenye fomu. Ya kwanza ni ya kulala kifudifudi. Ukilala chali, uzito wa pafu unabana sehemu ya nyuma na kuleta kivuli. Ukigeuka na kivuli kikaondoka, kilikuwa ni uzito tu. Kikibaki, ni kovu. Ya pili inapigwa baada ya kutoa hewa yote. Pafu zima linatakiwa liwe jeupe zaidi kidogo. Sehemu zinazobaki nyeusi ni hewa iliyonaswa, njia ndogo zimeziba. Picha hii ya pili watu wanaiacha sana na inaumiza.

#12 Makete_Baridi

Nadandia hapohapo. Mke wangu vidole vinakuwa vyeupe kama karatasi kwenye baridi, halafu bluu. Huku Makete mwezi wa sita kila mtu anaganda kwa hiyo hatukujali. Sasa ameanza kutweta. Kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni kinasoma 91. Fundi wa dawa kasema ni kwa sababu tuko juu sana.

#13 Dokta_Kijiweni

@Makete_Baridi mpeleke hospitali, usingoje mvua. Ni kweli kwenye mita 2,000 na zaidi kipimo hicho kinasoma chini kidogo kuliko Kyela au Dar. Lakini wewe unaishi naye nyumba moja, jipime mwenyewe. Ukipata 95 na yeye 91, si mwinuko peke yake. Mtembeze dakika 6 halafu pima tena, akishuka zaidi ndiyo dalili yenyewe.

Vidole kubadilika rangi hivyo, ngozi ya vidole ikianza kukaza, au viungo kuuma asubuhi, vinaweza kuwa magonjwa ya kinga ya mwili yanayokula mapafu pia. Na hapa HRCT inabadilisha tiba. Mara nyingi huleta ukungu mwepesi sehemu ya chini, pande zote, na wakati mwingine unaacha ukanda mwembamba safi karibu kabisa na utando. Aina hiyo inaweza kuitikia dawa za kutuliza kinga.

Kuna aina nyingine, makovu yenye sura ya sega la nyuki: vishimo vya milimita 3 mpaka 10 vyenye kuta nene, vimepangana chini na pembeni ya mapafu, na njia za hewa zimevutwa zikapanuka. Picha ikiwa hivyo bila sababu nyingine kupatikana, mabingwa wanaweza kuutaja ugonjwa, IPF, yaani makovu ya mapafu yasiyojulikana chanzo, bila kukata nyama ya pafu. Huo hauitikii predinisoloni, mojawapo ya hizo dawa za kutuliza kinga. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2012 uliwapa wagonjwa hao predinisoloni, azathioprini na asetilisisteini kwa pamoja, na kundi hilo likapata vifo na kulazwa zaidi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kati ya dawa zao ni pirifenidoni na nintedanibu, zilizoidhinishwa Marekani Oktoba 2014. Zinapunguza kasi ya makovu, hazifuti yaliyopo, na si za kuzikuta kila famasi.

Kwa hiyo wanaojinunulia predinisoloni dirishani "kwa ajili ya kifua", wanacheza kamari. Kama ni sega la nyuki, wanajiumiza. Kama ni TB iliyojificha, wanailisha.

#14 Tunduma_Boda

Dokta hapo umenigusa. Predinisoloni huku mpakani inauzwa kama pipi.

#15 Mufindi_Mbao

Na wenye VVU? Mikoa yetu ndiyo inayoongoza nchini, Njombe, Iringa, Mbeya, tusijifiche. Shemeji yangu alikuwa ameacha dawa, akaanza kutweta ndani ya wiki mbili tatu, eksirei wakasema haina kitu.

#16 Dokta_Kijiweni

Nimonia ya pneumosistisi, ile ya fangasi inayowapata wenye kinga ya chini, hufanya hivyo hasa. Eksirei ya mwanzoni inaweza kuwa safi, HRCT ikaonyesha ukungu pande zote, zaidi katikati, pengine na vishimo vya hewa. HRCT ikiwa safi kabisa, ugonjwa huo unakuwa mbali sana. Lakini mtu wa hivyo, anayetweta na kinga iko chini, hasubirishwi foleni ya CT. Anaanzishiwa septrini ya dozi kubwa huku vipimo vingine vikiendelea.

#17 Binti_Kalenga

Wakuu, mama kapigwa, mrejesho huu hapa. Ripoti nimeipata leo. Naandika kama nilivyoelewa: kuna makovu, kuna ukungu, kuna sehemu za kawaida na sehemu nyeusi zaidi zimechanganyika, na picha ya kutoa hewa imeonyesha hewa kunaswa. Zaidi katikati na juu kuliko chini. Mwishoni wameandika mzio wa mapafu uliokomaa, na wametaka tuulizwe historia ya mazingira. Kuni ndizo hizo?

#18 Dokta_Kijiweni

Dada, moshi wa kuni unaharibu mapafu kwa njia zake: unaleta kikohozi cha kudumu, unabana njia za hewa, unaweza kuacha masizi na makovu. Lakini mchanganyiko wa rangi tatu hivyo, wa kawaida, wa ukungu na mweusi wa hewa iliyonaswa, unaelekeza zaidi kwenye kitu hai kinachovutwa kila siku. Nyumbani kuna kuku, njiwa au bata? Mahindi au nyasi zilizoota ukungu? Mashine ya kukoboa jirani?

#19 Binti_Kalenga

Kuku wa kisasa wapo. Banda limeegemea ukuta wa jiko, dirisha moja linaangaliana nalo. Anawafagilia mwenyewe asubuhi na jioni, kama miaka minane sasa. Ndio wametusomesha.

#20 Dokta_Kijiweni

Basi hilo limwambie daktari wake neno kwa neno, maana haliko kwenye CT. Mama atoke kwenye kufagia banda kuanzia leo, afanye mtu mwingine, na banda lihamishwe mbali na nyumba mapema iwezekanavyo. Kwa mzio wa mapafu kuondoa chanzo ni sehemu ya matibabu, na bila hiyo dawa nyingine hazishiki vizuri. Makovu yaliyokwisha kujijenga yatabaki, ukungu ndio tunaogombania. Predinisoloni ataanzishiwa kliniki kama wataona inafaa, baada ya kuhakikisha tena TB haipo. Asinunue.

#21 Mionzi_Uyole

Na dada, umepewa CD au filamu tu? Ile karatasi ya filamu ina picha chache zilizochaguliwa, CD ina vipande vyote, mamia. Bingwa wa mapafu akitaka kuangalia upya, au mwakani wakitaka kulinganisha, filamu haitatosha.

#22 Binti_Kalenga

Wamenipa filamu. Naweza kurudi kuomba CD?

#23 Mionzi_Uyole

Rudi na namba ya faili la mama na CD tupu, wengine hawana. Nenda mapema, mashine za zamani zikijaa wanafuta picha za nyuma.